Hakuna Aliyeulizia Ukoko

Usiangalie pembeni. Ulipita pale. Njia ya kwenda mnadani inapita ubavuni mwa Shule ya Msingi Chamwaluko, nawe uliipita mchana wa jua kali, ukawaona watoto mia nne na kumi na wawili wameegemea ukuta. Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyelia, hakuna aliyegombania mpira. Ukasema moyoni, afadhali, watoto wa siku hizi wametulia. Ukakanyaga baiskeli ukaenda zako. Na siku ya kikao mkono wako ulikuwa juu. Usijifanye umesahau, maana yupo anayekumbuka.

Anayekumbuka ni Mbeleje Chilongani, mpishi wa shule hiyo kwa miaka ishirini na sita. Amesoma mpaka darasa la nne tu, lakini kichwa chake ni daftari. Anajua nani alileta mahindi yenye fukusi mwaka gani, na nani alileta mazuri. Anajua pia mkono wake mwenyewe ulikuwa wapi siku ile, na hilo ndilo linalomnyima usingizi.

Jumanne hiyo mstari ulianza saa sita kamili, kama kila siku, hata Jumapili. Mbeleje alisimama mlangoni mwa jiko, palepale aliposimama miaka yote na upawa mkononi, ila sasa hakuwa na upawa. Alikuwa na kijiti cheupe, chembamba, kirefu kama penseli mbili, ncha yake ikiwaka buluu. Mtoto anafika, anageuza kichwa, anakunja sikio mbele. Nyuma ya sikio kimebandikwa kitulizo, kidogo kama kifungo cha shati. Mbeleje anakigusa kwa kijiti, kinalia ti, mabega ya mtoto yanashuka. Kisha mtoto anapewa kikombe cha uji mweupe, mwepesi kiasi kwamba unaona kitako cha kikombe, kwa sababu waliosomea walisema tumbo lisiachwe tupu kabisa, lisije likasahau kazi yake.

"Haya, mwingine," alisema Mbeleje.

Ti.

"Mwingine."

Kitulizo hakina uchawi. Waliokileta walikieleza siku ya kwanza, kwa picha zilizotembea ukutani. Kuna mshipa wa fahamu unaotoka tumboni kwenda kichwani, na njaa ni habari inayopanda kwenye mshipa huo. Kitulizo kinaizuia habari hiyo njiani, kinapeleka nyingine mahali pake: huyu kala, huyu kashiba, tulia. Nguvu yake ni ya siku moja. Usipokigusa leo saa sita, saa tisa kimezima. Na kila kimoja kinatuma neno lake kwenye ubao wa kioo ulioko ofisini kwa mwalimu mkuu, nao ubao unayajumlisha yote kuwa namba moja kubwa ya kijani. Jumanne hiyo namba ilikuwa tisini na nane. Wenyewe wanaiita shibe.

Watoto walipokwisha kupita, Mbeleje aliingia jikoni kukwangua sufuria.

Sasa hapa lazima uelewe jambo la ukoko. Zamani, shule ilipokuwa inapika ugali wa uwele na mlenda, kila mchana sufuria iliacha ukoko wake, mkavu, wenye harufu ya moshi, na watoto waliugombania hadi wakatoana kamasi. Mpishi wa shule hahitaji mzani. Ukoko ukiisha kabla sufuria haijapoa, ujue majumbani hali ni mbaya. Ukibaki mpaka kengele ya kuingia darasani, ujue mwaka ni mzuri, wamekula jana na leo asubuhi wamekula tena. Kwa kipimo hicho Mbeleje aliwahi kumwambia diwani mwaka mmoja, miezi miwili kabla ya wataalamu, kwamba njaa inakuja. Diwani alicheka. Ikaja.

Hata sufuria ya uji huacha ukoko. Mbeleje aliubandua, akautupa nje kwa kuku wa shule kama alivyofanya muhula mzima. Kuku wakaja wakiyumba kwa unene, jogoo hawezi tena hata kuruka ua. Akawatazama kuku. Halafu macho yake yakapanda yenyewe mpaka ukutani, walipokaa watoto. Akawatazama watoto.

Upawa aliokuwa anakwangulia ukamtoka mkononi.

"Nyemo," aliita. "Njoo hapa, mjukuu wangu."

Nyemo alikuwa darasa la tatu, mtoto wa binti yake aliyekwenda kufanya kazi migodini. Aliinuka kwa kushika ukuta kwanza, kisha goti, kama mtu mzima. Mbeleje alibandua kipande kilichobaki chini ya sufuria.

"Kula ukoko huu."

"Nimeshiba, bibi."

"Umekula nini leo?"

Mtoto alifikiri. Alifikiri kwa bidii kabisa, kipaji cha uso kimekunjamana. "Sikumbuki. Ila nimeshiba."

Mbeleje alipiga magoti mavumbini, akambonyeza juu ya unyayo kwa kidole gumba, akaachia. Nyama haikurudi, ulikuwa uvimbe wa njaa. Shimo la kidole likabaki pale, limetulia, kama alama kwenye unga uliokandwa.

Utasema, mtoto analala nyumba moja na bibi yake, bibi hakuona? Aliona. Kila jioni alimwekea sahani, mtoto akamega mara mbili akasema ameshiba, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshiba kweli. Wiki ya kwanza Mbeleje alimbembeleza. Mwezi wa pili akapunguza. Mwezi wa nne akaacha kupika jioni, akanywa chai akalala. Ndivyo walivyofanya wote Chamwaluko. Nani atampigia magoti mtu aliyeshiba?

*

Sechelela alikuwa mhudumu wa afya ya jamii, mwanamke mfupi mwenye domo, rafiki wa Mbeleje tangu wote wawili wakiwa na meno yote. Jumatano asubuhi alikuja nyuma ya jiko na kitu amekifunga kwenye pindo la kanga.

"Ukinitaja, nitasema ni wewe uliniibia," alisema.

Ulikuwa utepe wa kupima mkono. Rangi tatu, kijani ya mzima, njano ya kuangaliwa, nyekundu ya hatari. Tepe zile zilikusanywa zote ubao wa kioo ulipowekwa, wakaambiwa vifaa vya zamani vinachanganya takwimu. Sechelela alirudisha tisa, wa kumi akaushonea ndani ya mto.

Alimzungushia Nyemo mkononi, akavuta taratibu. Akalegeza, akavuta tena, akitumaini amekosea.

"Nyekundu," alisema Mbeleje.

"Subiri usiseme." Sechelela alikaa chini. "Mbeleje, utepe huu ni wa watoto wasiozidi miaka mitano. Huyu ana minane, mkono wake ulipaswa kuushinda."

Wakapima wengine thelathini, mmoja mmoja, kwa kisingizio cha kuwatafuta chawa. Ishirini na watatu wakaangukia nyekundu. Hakuna aliyelalamika. Mmoja alisinzia akiwa amesimama.

Ofisini walimkuta mwalimu mkuu, Mwalimu Chibago, na Bi Renalda, msimamizi wa Mradi wa Shibe, anayekuja kila Jumatano na gari lisilo na dereva. Nyuma yao ubao uliandika 98.

"Shikamoo mama," alisema Mwalimu Chibago. "Leo umetuletea na ugeni."

"Marahaba. Njoo ubonyeze miguu ya watoto wako, mwalimu."

"Nibonyeze miguu ya nini? Shule yetu ni ya tatu kwa shibe katika kanda nzima. Utoro umekwisha. Kelele zimekwisha."

"Pumzi nazo ziko mbioni kwisha," alisema Sechelela.

"Wewe mama, mdomo wako huu."

"Mdomo wangu haujabandikwa kitu, ndiyo maana."

Mbeleje aliuweka utepe mezani. Bi Renalda alikuwa msichana bado, sauti yake ya upole. Aliutazama muda mrefu, na usoni mwake Mbeleje hakuona mshangao. Hapo ndipo alipopata baridi ya kweli.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua chakula kitachelewa." Bi Renalda alivuta kiti akakaa karibu naye, magoti yakakaribia kugusana. "Mama, kitulizo kilikuwa cha kuvukia. Miezi mitatu, watoto wasiteseke wakati malori ya chakula yanapangwa. Lakini malori yanapangwa kwa kuangalia ubao, na ubao unasema wameshiba. Nimeandika barua nne. Wananijibu nisome namba."

"Basi kizime."

"Nikizime kisha iweje?" Alisema kwa sauti ya chini. "Mimi nimesoma na njaa, mama. Najua imla ilivyo, herufi zinaogelea, mwalimu anakuita mvivu. Nilikuwa nalamba chokaa ya ukutani. Nikaapa mtoto mwingine asijue kitu kile. Ukiwaacha bila kijiti leo, saa tisa watasikia njaa ya miezi minane kwa mkupuo. Huwapi shibe, unawapa maumivu. Ghalani una nini?"

Mbeleje alihesabu kichwani. Ghalani kulikuwa na magunia mawili ya uwele. Uji wa siku moja, ukiubana siku mbili.

"Na mahindi yenu ninyi wazazi yako wapi?" aliuliza Bi Renalda, na hakuwa anakebehi, alikuwa anauliza.

Mbeleje aligeukia dirishani. Kijiji chote kilimeta. Mabati mapya, nyumba kwa nyumba, yakirudisha jua mpaka macho yanauma. Huko ndiko yalikokwenda mahindi, yaliuzwa yakanunua bati.

Desturi ya Chamwaluko tangu enzi za bibi zao ilikuwa kila kaya kuleta shuleni madebe mawili baada ya mavuno. Kitulizo kilipotimiza mwezi, kikao kikaitwa. Mtu mmoja akasimama akasema, jamani, mtoto haombi chakula nyumbani, haombi shuleni, haya madebe tunamletea nani? Wakacheka. Mwenyekiti akasema wanaokubali tuache wanyooshe mikono. Ikanyooka kama shamba la mtama. Na mmoja kati ya mikono ile ulikuwa wa Mbeleje, kwa sababu moshi wa kuni ulikwisha kumla macho, mgongo unamuuma, akafikiri, nami nitapumzika.

"Huku kwetu kila njaa ina jina," alimwambia Bi Renalda bila kugeuka. "Kuna Njaa ya Ngozi, watu walichemsha ngozi za kulalia. Kuna Njaa ya Punda. Jina ndilo linalotufanya tuweke akiba, mtoto akimwaga unga anaambiwa, unataka Punda arudi? Hii haina jina. Watoto wanakwisha na hakuna hata jina la kumwambia aliyebaki."

Saa sita ilifika. Akatoka, akashika kijiti. Akawagusa wote, mia nne na kumi na wawili. Maana hakuwa na cha kuwapa.

*

Alhamisi jua lilipochomoza yeye na Sechelela walikuwa njiani wakibisha hodi. Uliwaona, walifika hata kwako.

Baba Mazoya aliwapokea akiwa juu ya ngazi, anapigilia bati la mwisho.

"Mwanangu hajalia mwaka mzima," alisema. "Unataka nimfundishe kulia?"

"Nataka ushuke umshike mkono wake, huu wa juu."

"Anakimbia vizuri tu."

"Lini umemwona anakimbia?"

Nyundo ikasimama. Baba Mazoya alitazama uani, ambako mwanawe alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, mikono mapajani, macho yakifuata nzi. Akatazama muda kidogo. Kisha nyundo ikaanza tena, taratibu zaidi.

Nyumba ya pili waliambiwa warudi baada ya mvua. Ya tano, walifungiwa mlango. Ya tisa, mwanamke mmoja aliyeitwa Matika alitoa kisado cha karanga kutoka chini ya kitanda, akakishika kifuani bila kukiachia.

"Hizi ni mbegu, dada. Nikikupa, mvua ikinyesha napanda nini?"

"Sijui," alisema Mbeleje. Hakuwa na uongo wa kumpa.

Matika alilia, akampa nusu.

Njiani kurudi Sechelela hakutania. "Sikiliza. Mwili uliokaa hivi ukipewa chakula kingi ghafla, moyo unashindwa. Nilifundishwa, nimeona. Wakiamka wote kwa pamoja wakajishindilia, tutawazika kwa pamoja. Uji mwepesi wenye karanga, nusu kikombe, kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, kwa siku kumi. Tuna cha siku mbili."

"Najua."

"Na ukiacha, huyo binti amesema kweli. Watateseka."

"Najua, Seche."

"Basi niambie unachofikiri, maana mimi nimefika mwisho."

Mbeleje alitembea hatua kadhaa. "Nafikiri kuku," alisema. "Kuku akinyimwa pumba anakufuata mpaka chumbani, anakudonoa mguu. Mtoto wangu nimemwondolea hata hicho. Anakufa kwa adabu."

*

Saa sita mstari ulijipanga. Nyemo alikuwa wa kwanza, kwa sababu siku hizi aliketi karibu na jiko ili asitembee mbali. Aligeuza kichwa, akakunja sikio. Shingo yake ilikuwa nyembamba kama shina la mhogo.

Mbeleje aliinua kijiti. Ncha ikawaka buluu.

Akawaza: nikigusa, atalala leo bila uchungu, na kesho, na siku moja hataamka, na ubao utasema kashiba. Nisipogusa, atalia, naye atamlilia nani kama si mimi, na nitamwambia nini? Alisimama hivyo mpaka watoto wa nyuma wakaanza kuchungulia. Bi Renalda, ambaye hakuwa ameondoka tangu jana, alimkaribia.

"Mama, kama mkono umechoka, nipe mimi niwaguse."

"Mkono haujachoka," alisema Mbeleje. "Mkono huu ulipaswa kuchoka siku ya kikao."

Akageuka, akakitia kijiti ndani ya moto chini ya sufuria. Kilifuka moshi mweusi, kikanuka kama kandambili inayoungua, ile buluu ikapepesa mara tatu.

Bi Renalda alishika fremu ya mlango. "Kingine hakifiki hapa kabla ya Jumatatu."

"Ndiyo hesabu yangu. Siku nne wazazi wao wawasikie."

"Umewafanyia nini watoto hawa?"

"Nimewarudishia mdomo wao," alisema Mbeleje. "Kama kuna kesi, jina langu unalo."

Kisha akakoroga. Uwele, karanga za Matika zilizosagwa, maji mengi. Sechelela alipanga vikombe. Watoto walikunywa nusu vikombe vyao kwa adabu ileile, wakarudi ukutani. Saa saba. Saa nane. Jua likahama. Mwalimu Chibago alikuja mlangoni mwa jiko, tai imelegea, akasoma kama mtu anayesoma matangazo ya vifo.

"Themanini na moja."

Baadaye akarudi. "Hamsini na nne." Akarudi tena, akakaa juu ya gogo la kuni, akafunika uso kwa viganja.

Wa kwanza alikuwa mtoto wa darasa la kwanza. Alishika tumbo, akalitazama, kama vile ameguswa na mtu asiyemwona. Akafungua mdomo. Sauti ilikuwa ndogo, imekauka kwa kukosa kazi. Kisha jirani yake. Kisha ukuta mzima, mia nne na kumi na wawili, kilio kimoja kirefu kilichopanda juu ya mabati yale mapya na mabati yakakirudisha. Wengine walitafuna kola za mashati. Wengine walichimba ukuta kwa kucha. Bi Renalda alikimbilia kwenye gari. Mbeleje alidhani anatoroka. Alirudi na bakuli lake la chakula cha mchana, wali na maharage, akaliweka karibu na sufuria, huku machozi yanamtiririka mpaka kidevuni.

"Nionyesheni namna ya kuupondaponda," alisema.

Nyemo alifika akitambaa. Alimshika Mbeleje upindo wa kanga, akauvuta kwa nguvu ambazo bibi yake hakujua bado anazo, akamtazama kwa hasira, hasira kamili ya mtoto mwenye njaa.

"Bibi," alisema. "Ukoko upo?"

Mbeleje aliuficha uso wake kwenye nywele za mtoto, zile nywele zilizogeuka rangi ya kutu. "Upo, mama. Nakulainishia kwanza. Upo."

Nawe unawasikia. Kutoka Chamwaluko mpaka mnadani sauti inafika, na ulipo ni karibu zaidi ya hapo. Sasa ni saa tisa na nusu, Alhamisi. Sufuria ya leo ipo na ya kesho ipo. Ya Jumamosi haipo. Usitume salamu za pole, wala usingoje mtu wa ubao aje akusomee namba. Njaa hii utaipa jina baadaye, mikono ikiwa imetulia. Ingia ndani, inama chini ya kitanda, vuta hicho kisado ulichokificha, karanga, choroko, uwele, hata kama ni mbegu. Kama umebakiwa na bati tu, libandue ukalibadilishe na unga. Kisha uje, na mwanao umshike mkono ule wa juu, uuone mwenyewe. Mkono wako uliunyoosha ukiwa mtupu siku ile. Unyooshe tena leo, ukiwa na kitu ndani. Inuka.